Wakala wa ada ndogo au wakala wa kamisheni: yupi apewe nyumba auze?

Kibaraza anauliza:

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri wa watu wanaoijua kazi hii. Nyumba ni ya vyumba vitatu vya kulala, kwenye mtaa wenye nyumba nyingi za aina hiyohiyo, na mawakala wawili wanaitaka.

Wa kwanza ni wa ada ndogo. Anatoza 1,200 kodi ikiwemo, nyumba iuzwe bei yoyote, na anataka alipwe siku ya kusaini au kwa mpango wa "lipa baadaye". Humo kuna picha, ramani ya vyumba, bango na tangazo kwenye tovuti kubwa za nyumba. Kuonyesha nyumba ni kazi ya mwenye nyumba. Amekadiria 295,000.

Wa pili ana ofisi na wafanyakazi. Anataka asilimia 1.5 ya bei ya mauzo, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, inayolipwa mauzo yakishakamilika. Wageni anawapokea yeye, bei anajadili yeye, na wanasheria anawafuatilia yeye. Mkataba ni wa wiki 16 na hataki wakala mwingine aguse nyumba. Amekadiria 320,000.

Ukitazama ada peke yake, wa kwanza anaokoa zaidi ya 4,000. Ukitazama makadirio, wa pili anaahidi 25,000 zaidi. Kipi kati ya hivyo viwili ndicho cha kufuata?

---

Mizani:

Mkuu, anza kwa kuyaweka kando makadirio yote mawili. Makadirio ni maneno ya mtu anayeomba kazi. Wapo mawakala wanaotaja bei ya juu ili wasainiwe, halafu wiki ya sita wanaanza simu za "soko limepoa, tushushe kidogo", na wakati huo mkataba wa wiki 16 umeshakufunga. Dawa yake ni swali moja kwa kila wakala: nipe nyumba tatu zinazofanana na hii, zilizouzwa ndani ya miezi sita iliyopita, pamoja na bei zilizolipwa mwishoni na siku zilizokaa sokoni. Usikubali bei zilizotangazwa, maana kutangaza ni bure. Kwa mtaa wako wenye nyumba zinazofanana, wakala asiyeweza kuzitaja hizo tatu hajafanya kazi ya nyumbani, awe wa bei nafuu au wa bei ghali.

Bei iliyozidi ina madhara hata ukiishusha baadaye. Tangazo jipya linawafikia mara moja wanunuzi waliojiandikisha kupata taarifa kwenye tovuti, na hao ndio wenye hamu zaidi. Wakikuta 320,000 kwa nyumba ya 300,000 wanapita, na ukishusha baada ya miezi miwili wanajiuliza ina kasoro gani. Kumbuka pia jinsi watu wanavyochuja. Anayetafuta "hadi 300,000" hataiona nyumba ya 304,000. Ukiweka 300,000 kamili, inaonekana kwa anayetafuta hadi 300,000 na kwa anayeanzia 300,000.

Sasa ada. Tuseme nyumba ina thamani ya 300,000. Asilimia 1.5 ni 4,500, ongeza kodi 900, jumla 5,400. Wa kwanza ni 1,200, kwa hiyo tofauti ni 4,200. Ili wa pili akuachie mkononi kiasi kilekile, lazima auze kwa takriban 304,280, yaani chini kidogo ya asilimia 1.5 juu ya bei ambayo mwenzake angepata. Basi swali lako linakuwa dogo na linapimika: je, kazi yake ya ziada italeta hiyo 4,280?

Wengi hudhani kamisheni inamfanya wakala apiganie bei. Hebu tazama hesabu yake yeye. Akipandisha bei kwa 10,000, anapata 150 kabla ya kodi, na wewe unabaki na 9,820. Kwa 150 hatangoja wiki tatu zaidi ilhali akiuza leo analipwa 4,500. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichapisha mwaka 2008 utafiti wa karibu mauzo 100,000 ya nyumba katika eneo la Chicago. Nyumba zilizokuwa mali ya mawakala wenyewe ziliuzwa kwa takriban asilimia 3.7 zaidi ya zile za wateja, na zilikaa sokoni siku 9.5 zaidi. Kwenye mali yao walingoja. Kwenye ya mteja walihimiza apokee ofa.

Kwa hiyo kamisheni inamsukuma wakala auze, hata kama bei si ile ya juu kabisa. Ada inayolipwa mwanzoni haimsukumi hata huko. Ikishaingia, kilichobaki kumvuta ni jina lake tu. Binafsi napima hapo kwanza kabla ya ukubwa wa ada: fedha inatoka mkononi mwako lini, na ikishatoka nani bado ana sababu ya kupokea simu yako?

---

Wino Mkavu:

Nakubaliana na Mizani. Mimi naongeza mkataba, kwa sababu hasara kubwa kwenye jambo hili hutoka kwenye mistari midogo.

"Lipa baadaye" ya wakala wa kwanza isome mara mbili. Mara nyingi huo ni mkopo kutoka kampuni nyingine ya fedha, wenye tarehe ya mwisho, na tarehe ikifika unadaiwa nyumba iwe imeuzwa au haijauzwa. Wengine wanaambatisha sharti kwamba utumie mwanasheria wao, na ukimkataa ada yote inadaiwa papo hapo. Tafuta maneno mawili: "hairudishwi", na "hata kama mauzo hayatakamilika".

Kwa wakala wa pili, tofautisha uwakala wa pekee na haki ya pekee ya kuuza. Yanafanana masikioni lakini hayafanani mfukoni. Kwenye uwakala wa pekee, ukimuuzia jirani yako uliyempata mwenyewe, humlipi wakala. Kwenye haki ya pekee ya kuuza, unamlipa hata mnunuzi akiwa ndugu yako wa damu. Saini ule uwakala wa pekee.

Kuna kifungu kingine kinachosema ada inadaiwa akipatikana mnunuzi "aliye tayari, aliye radhi na mwenye uwezo". Maana yake, akimleta mtu wa namna hiyo na wewe ukaghairi kuuza, unalipa. Omba kifutwe na badala yake iandikwe kwamba ada inadaiwa siku mauzo yanapokamilika. Uingereza, kanuni za mwaka 1991 chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya 1979 zinamtaka wakala anayetumia maneno haya ayaeleze kwa maandishi kabla ya kusaini. Popote ulipo, dai maelezo hayohayo. Wakala mwaminifu hataona tabu.

La mwisho ni mkia wa mkataba. Mikataba mingi inasema mtu aliyeletwa na wakala akinunua hata miezi sita baada ya mkataba kwisha, wakala huyo anadai ada. Ukiwa umeshahamia kwa wakala mwingine, mnunuzi mmoja anakuzalia ada mbili. Siku unayovunja mkataba, mwombe wakala wa zamani orodha ya majina ya wote aliowaleta kuona nyumba, kwa maandishi, na umpe wakala mpya nakala kabla hujasaini naye. Wiki 16 zipunguze ziwe 8, na notisi ya kuvunja iwe siku 14.

---

Bawaba:

Wenzangu wamempa uzito wakala wa kamisheni, nami naona kwa nyumba kama hii wa ada ndogo ana nafasi nzuri. Mtaa una nyumba zinazofanana, bei inajulikana, na wanunuzi wanaipata kwenye tovuti zilezile ambazo mawakala wote wanatangazia. Anayelipwa 5,400 hana tovuti ya siri. Wakala wa huduma kamili anastahili ada yake pale nyumba ni ya namna ya pekee na bei yake haina wa kulinganishwa naye, au ina mpangaji ndani, au ni ya urithi na warithi hawajaelewana, au mwenye nyumba yuko mbali.

Ila lazima uweze kuonyesha nyumba, Jumamosi na jioni za katikati ya wiki. Na kuonyesha kuna namna yake. Usitangulie kuingia chumbani. Fungua mlango, wapitishe wageni, wewe baki koridoni, kwa sababu watu wazima watatu ndani ya chumba kidogo wanakifanya kionekane nusu yake. Anza na chumba kizuri kuliko vyote na umalizie hapohapo, wakae dakika mbili bila wewe. Usijieleze kwa habari ya bei. Mtu akikuuliza "mwisho ngapi?", jibu lako ni moja: "leta ofa yako kwa wakala." Ukitaja namba pale mlangoni, hiyo ndiyo inakuwa bei ya juu kuanzia dakika hiyo.

Picha nazo zikague kabla hazijawekwa. Kamera ikae usawa wa kifua, kwenye kona, kingo za milango zisimame wima, taa zimewashwa hata mchana, kifuniko cha choo kimefungwa. Wakala wa ada ndogo hulipa mpiga picha kwa ziara moja. Mpiga picha akija mvua inanyesha na hukusema neno, picha za kiza ndizo zitakazobaki. Iandikwe kwenye mkataba kwamba una haki ya kupigiwa tena mara moja bila malipo.

---

Kibaraza:

Asanteni sana, hii ya kubaki koridoni sikuwahi kuifikiria. Maswali mawili. Kwa nini nisiwape wote wawili kwa pamoja? Na hiyo kazi ya kufuatilia baada ya ofa, ina ukubwa gani kweli?

---

Mizani:

Kuwapa wote wawili: kwanza wa pili amekataa. Hata angekubali, kwenye uwakala wa wengi kamisheni kwa kawaida hupanda, kwa kuwa kila mmoja anajua anaweza kufanya kazi asilipwe. Halafu nyumba moja ikionekana mara mbili kwenye tovuti, pengine na bei mbili, mnunuzi anasoma kwamba una haraka. Mpe mmoja kwa wiki 8. Asipoleta kitu, badilisha.

Swali la pili ndilo zito. Ofa ikikubaliwa, kazi bado mbichi. Hapo katikati mkopo wa mnunuzi unaweza kukataliwa, mkaguzi akakuta unyevu ukutani na mnunuzi akadai punguzo la 8,000, hati ikaonekana ina kasoro, au mnunuzi akawa anategemea kuuza nyumba yake kwanza, na anayeinunua hiyo naye anategemea kuuza ya kwake. Mnyororo huo ukikatika sehemu moja, wote mnarudi mwanzo. Mtu anayepiga simu kila wiki kwa mwanasheria wa kila upande, kwa benki na kwa kila kiungo cha mnyororo, anaziona nyufa mapema. Kazi hiyo wakala wa ada ndogo mara nyingi anaiacha kwa kituo cha simu ambapo kila ukipiga unapokewa na mtu mpya, au anaiacha kwako.

Ukiifanya mwenyewe, anza kabla ya kukubali ofa. Dai barua ya benki inayoonyesha kiasi ambacho mnunuzi anaweza kukopeshwa, uthibitisho wa fedha taslimu atakazoongeza, jina la mwanasheria wake, na jibu la wazi kama ana nyumba ya kuuza. Ofa ya 297,000 kutoka kwa mtu mwenye karatasi zote na asiye na nyumba ya kuuza naiona bora kuliko 301,000 ya mtu aliye nyuma ya mauzo mengine matatu. Na kabla nyumba haijatangazwa, mwambie mwanasheria wako akusanye hati, vibali vya nyongeza zozote za ujenzi na stakabadhi za matengenezo. Wiki unazopoteza kusubiri karatasi ndizo wiki ambazo mnunuzi anaona nyumba nyingine.

---

Wino Mkavu:

Kabla hujachagua, wajaribu wote wawili kama mnunuzi. Mwombe rafiki apige simu kuulizia nyumba yoyote ambayo kila mmoja ameitangaza. Aandike simu ilipokewa baada ya muda gani, kama aliulizwa uwezo wake na kama ana nyumba ya kuuza, na kama kuna aliyempigia tena kesho yake. Wakala asiyempigia mnunuzi wa nyumba ya mwenzio hatampigia wa kwako.

Halafu rudi kwa wa pili na masharti haya: uwakala wa pekee, wiki 8, ada siku ya kukamilika tu, na asilimia 1.1 badala ya 1.5. Kwa bei ya 300,000 hiyo ni 3,300, pamoja na kodi 3,960, na tofauti na mwenzake inashuka hadi 2,760. Akikataa kushuka, pendekeza ngazi: asilimia 1 hadi 300,000, na asilimia 10 ya kila kinachozidi hapo. Hapo 10,000 ya ziada inamlipa 1,000, na hesabu ya Mizani inageuka. Ila kiwango cha chini cha ngazi kipange wewe kwa kutumia zile nyumba tatu zilizouzwa. Ukimwachia apange yeye, atakiweka 285,000 na atalipwa ziada kwa kuuza bei ya kawaida.

---

Bawaba:

Na akigoma kote, na yule wa 1,200 akapita kwenye jaribio la simu, nenda naye kwa sharti moja: nusu kwenye kusaini, nusu kwenye kukamilika. Hata kama nusu ya pili itamfanya aongeze 200, ilipe. Hiyo ndiyo itakayomfanya apokee simu yako wiki ya kumi.