Naomba ushauri: Gustor ya Spituk, Ladakh, katikati ya baridi

Wakuu, naombeni msaada. Nataka kuingia chumba cha Vajrabhairava (mungu mkali wa Kibuddha) pale monasteri ya Spituk, karibu na mji wa Leh, kaskazini mwa India, wakati wa Gustor, tamasha lao la kila mwaka, maana ndipo nyuso za sanamu hufunuliwa. Siku nyingine zimefunikwa kitambaa. Tarehe hufuata kalenda ya Kitibeti, mara nyingi Januari. Leh iko mita 3,500 hivi, kwa hiyo ukishuka kwenye ndege unapumzika siku mbili kwanza, la sivyo kichwa kitakugonga na ngazi za Spituk hutaziweza. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, naijua: miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla (mwenye mzio wa salfa amuone daktari). Kinachonitatiza ni malazi. Mabomba huganda, maji huletwa kwa ndoo. Nyumba ya wenyeji yenye jiko la kuni, au hoteli yenye hita?