Mjadala: Je, idadi ya watu ndiyo iamue kijiji kipi cha India kipate barabara?

Ndugu zangu, mchangiaji aliyenitangulia ametetea utaratibu wa serikali ya India wa kuanza na vijiji vyenye watu wengi, akisema kwamba fedha hazitoshi na kwamba kilomita moja ya lami ni heri iwafae watu elfu moja kuliko mia moja. Hoja hiyo ina uzito, lakini naamini imeshika kipimo kisicho sahihi.

Mpango wenyewe, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, yaani mpango wa Waziri Mkuu wa barabara za vijijini, ulizinduliwa Desemba 2000 wakati wa Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee. Kitongoji cha tambarare kisichokuwa na barabara inayopitika masika na kiangazi kilistahili kikiwa na watu 500 au zaidi, na kwa maeneo ya milimani, jangwani na ya makabila ya asili kiwango kilikuwa 250. Awamu ya nne, iliyoidhinishwa Septemba 2024, imelenga vitongoji 25,000 na kilomita 62,500, lakini bado inahesabu watu kwa sensa ya mwaka 2011, kwa kuwa sensa iliyotakiwa kufanyika 2021 iliahirishwa. Kwa hiyo kitongoji cha tambarare kilichoandikwa kuwa na watu 480 wakati ule kinabaki nje, hata kama watoto waliozaliwa tangu hapo wanajaza darasa zima.

Tena wachache hawa si wachache kwa bahati tu. Katika vijiji vingi vya India makazi hugawanyika kwa matabaka, na Wadalit, yaani watu wanaohesabiwa kuwa wa chini kabisa katika matabaka hayo, mara nyingi huishi pembeni, mbali na kisima na soko. Tumkumbuke Dashrath Manjhi wa kijiji cha Gehlaur, jimbo la Bihar, kibarua wa tabaka la Musahar, mojawapo ya matabaka ya Wadalit, ambaye baada ya mkewe kuumia mlimani alichukua nyundo na tindo akaanza kuchonga mwamba mwaka 1960, na hakuacha hadi 1982. Njia aliyoipasua ina urefu wa mita 110 hivi, na kwa njia hiyo safari ya kilomita 55 kati ya maeneo ya Atri na Wazirganj ikawa kama kilomita 15. Wakati huo wote mlima ulikuwa palepale na watu walikuwa palepale. Lililokosekana ni mtu wa kuupima umbali wao na kuuona kuwa ni dhiki.

Najua nitajibiwa kwa utafiti wa wachumi Sam Asher na Paul Novosad wa mwaka 2020, ulioonyesha kwamba barabara hizi ziliwawezesha watu kuacha kazi za shambani na kutafuta kazi nyingine, lakini hazikubadili sana kipato wala mavuno. Naukubali. Ila mjamzito anayebebwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana miguu ya kitanda huku matope ya masika yakiwafika magotini, haendi kutafuta kipato. Anaitafuta hospitali. Manufaa yake hayaonekani katika hesabu ya mavuno.

Zaidi ya hayo, barabara peke yake si usafiri. Lami bila basi humfaa mwenye pikipiki kwanza, na ndiyo maana uamuzi wa Bihar wa mwaka 2006 wa kuwapatia wasichana wanaoingia darasa la tisa baiskeli ulikuwa wa busara: ulitazama umbali kati ya nyumba na shule.

Pendekezo langu ni kwamba foleni ipangwe kwa saa ambazo mkazi hutumia kufika kwenye hospitali na shule ya sekondari wakati wa masika, na idadi ya watu itumike tu pale vitongoji viwili vinapolingana. Anayetetea kiwango cha watu 500 naomba atueleze: kitongoji cha watu 490 kilicho kilomita 20 kutoka hospitali kisubiri kwa sababu gani, wakati chenye watu 510 kilicho kilomita tatu kinatangulia?