Nimejaribu kuendesha usiku wa dansi ya kontra hapa Mwanza ukanishinda, nataka kurudia, nisaidieni

Kijana_wa_Kirumba

Wakuu habari zenu. Naomba msinicheke maana najua wengi hili jambo hamjalisikia. Nilikaa Massachusetts miezi kumi kwa masomo na huko kuna dansi wanaita kontra, mizizi yake Uingereza ya miaka ya 1600, ikavuka bahari ikaota New England mpaka leo ipo. Mnajipanga mistari miwili mirefu mnatazamana, mnacheza wewe na mwenzio pamoja na wawili wa jirani, muziki ukizunguka mara moja mnasogea nafasi moja mnakutana na jirani wapya, kwahiyo mpaka unaisha umeshikana mikono na karibu ukumbi mzima. Mbele kuna mtu na maiki anaita hatua. Mzee wa miaka 70 anacheza na binti wa chuo na hakuna anayeshangaa. Niliipenda mno.

Sasa niliporudi nikasema niwaonjeshe na watu wa kwetu. Nikakodi kaukumbi huku Pasiansi, nikaalika wanakwaya, watu wa mtaani na wenzangu wa kazini, wakaja kama 30. Dansi ya kwanza ikaenda. Ya pili ikasuasua. Ya tatu nikaweka yenye hei, ile watu wanne mnapitana bega la kulia bega la kushoto kama mtu anasukwa nywele, maana kule ndo nilikuwa naipenda kuliko zote. Hapo nikaumbuka. Watu wanagongana, wa mwisho wa mstari wamebaki wanatazama ukuta, mimi nipo kwenye maiki naeleza na kueleza kumbe muziki umeshanipita zamani, dada mmoja wa kwaya akaenda kukaa akafungua soda yake na hakuinuka tena mpaka tunafunga. Ile soda bado naiona.

Mwezi ujao nataka kurudia. Nipangeje usiku mzima, na hasa kuita, naitaje? Bendi sina, nina spika na laptop tu.

Ngosha_mtata

Mkuu weka singeli, watu watajipanga wenyewe 😂

Mama_Sweya

Pole mwanangu. Mimi kontra nimeiita nikiwa nasoma nje na usiku wangu wa kwanza ulikufa kifo hicho hicho. Tatizo lako halikuanzia kwenye maiki, lilianzia nyumbani ulipochagua dansi unazozipenda wewe. Miguu yako ina miezi kumi, yao ina nusu saa.

Anza na duara kubwa la ukumbi wote, duara halina mwisho kwahiyo hakuna wa kubaki anatazama ukuta, na anayechelewa anapenya popote bila kuharibu. Ya pili weka mistari mifupi ya jozi tano au sita, za aina ya Virginia Reel, jozi ya juu inashuka katikati na kurudi, hapo watajua juu ni wapi na chini ni wapi (juu ni kwenye muziki) bila wewe kuhubiri. Ya tatu ndo kontra yenyewe. Kwa masaa mawili dansi saba zinatosha sana, kule wanakwenda masaa matatu kwasababu nusu ya ukumbi ni wazoefu. Iliyo ngumu kidogo iweke kabla ya mapumziko, watu wamepata moto na hawajachoka. Usiiweke mwisho, mtu akichoka sikio linafunga kabla ya miguu. Wenyewe wanamaliza na waltz, lakini hapa ukiweka rumba ya taratibu nani atakushtaki.

Alafu chora jedwali kwenye daftari, dansi zako upande mmoja, hatua upande mwingine, unaweka tiki. Kila dansi ilete kitu kipya kimoja tu, na kilicholetwa kwenye ya nne kirudi kwenye ya tano, la sivyo umewafundisha bure. Jedwali hilo pia litakuonyesha kama umepanga dansi tatu mfululizo zinazoanza vilevile, mimi lilishaniokoa mara nyingi tu.

Ya kuanzia nakupa hii. Muziki wa kontra una A mara mbili na B mara mbili, kila kipande hesabu 16, jumla 64. A ya kwanza, dosido na jirani (mnazungukana mgongo kwa mgongo bila kugeuka) hesabu 8, kuzungushana na jirani 8. A ya pili, duara la wanne kwenda kushoto robo tatu 8, kuzungushana na mwenzio 8. B ya kwanza, mistari mirefu mbele na nyuma 8, nyota ya mkono wa kushoto (wanne mnaweka mikono katikati mnatembea mkizunguka) 8. B ya pili, nyota ya mkono wa kulia 8, duara kushoto robo tatu na kupita mbele kwa jirani wapya 8. Hakuna cha kukariri humo, na wameshazungushana na watu wawili kila raundi, wanachofuata watu ni hicho.

Wa mwisho wa mstari ndo waliokuumbua. Waambie KABLA muziki haujaanza, mkifika mwisho badilishaneni nafasi, pumzikeni raundi moja, jozi inayokuja itawachukua. Weka na mtu mmoja anayejua kila mwisho.

MC_wa_Igoma

Nichangie kwenye maiki maana harusi ndo ofisi yangu. Mkuu maneno yako marefu. Fikiria hapo, kama muziki unakwenda mapigo 116 kwa dakika hesabu 64 zote ni sekunde kama 33, hesabu nne ni sekunde mbili tu, na wewe unasema "sasa mkamate jirani yako kwa mkono wa kushoto mzunguke mara moja na nusu", ukimaliza watu wameshafika Usagara. Sema "JIRANI, KUSHOTO!" basi. Anza na nani, alafu nini. Na neno liishe kabla pigo la kwanza la hatua halijagonga, yaani wakiwa bado wanamalizia nyota wewe ushasema duara. Ukisema duara pigo la duara likigonga umechelewa, hata kama umewahi.

Kabla ya muziki watembeze hatua zote polepole mara mbili, bila spika. Ikizidi dakika tano ujue dansi ni ngumu au unaongea sana, mara nyingi ni vyote viwili.

Alafu punguza. Raundi tatu za kwanza ita kila kitu, baada ya hapo neno moja moja, alafu nyamaza kabisa uwaache na muziki wao, ila macho yasitoke kwenye mistari, ukiona sehemu inalegea unarudi na neno moja. Kunyamaza na maiki mkononi kwangu mimi ni adhabu lakini ndo kazi.

Na usiwaogope watu wa hapa. Kwenye sherehe ikipigwa kwaito watu 50 wanajipanga mistari wanageuka pamoja na hakuna aliyewafundisha siku hiyo. Hesabu ya nane wanayo mwilini.

Mwana_Kisesa

Mnaandika kama ni kitu kigeni sana. Huyo anayeita sisi tunamjua, ni manju. Njoo Bujora mwezi wa sita kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, uwaone Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma, wakishindana, manju anaanzisha kundi linapokea, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi upande wake. Manju mbovu unamjua mapema, watu wanahamia kwa mwenzake taratibu kama hawataki aone. Ndo soda yako hiyo.

Ushauri wangu mmoja, chukua vizibo vya soda, viwili rangi hii viwili rangi ile, viweke mezani upige muziki na uite huku unavisogeza. Kizibo kikipotea njia, na mtu atapotea palepale.

Kijana_wa_Kirumba

Nimefanya hiyo ya vizibo jana usiku, aisee, nimegundua nyota ya kulia kila nikiiita nachelewa. Mama Sweya ile dansi inarudi sawasawa, jozi ya juu imeshuka jozi ya chini imepanda.

Swali lingine. Wanakwaya wengi ni kina dada, wanaume wachache, nikisema "wanaume kushoto wanawake kulia" nusu wanakosa la kufanya. Tena kuna mama mmoja aliniambia wazi hapendi kuzungushwa na mwanaume asiyemjua.

Mama_Sweya

Huyo mama acheze na rafiki yake, jozi ni jozi. Na akikutana na jirani asiyemtaka wanaweza kushikana mikono miwili wakazunguka, si lazima kushikana kiunoni, litangaze kwa wote mwanzoni ili lisimhusu yeye peke yake. Kule siku hizi sehemu nyingi wameacha kusema wanaume na wanawake, wanasema larks na robins, ni majina ya ndege, L ya kwanza anakaa kushoto na R anakaa kulia kwa herufi za Kiingereza, mtu anachagua upande anaoutaka. Hapa herufi hizo hazitusaidii, tafuta majina yako.

Ngosha_mtata

Sato na sangara! Tupo ziwani bwana

MC_wa_Igoma

Wazo zuri ila yote yanaanza na "sa", kwenye spika yenye mwangwi hakuna atakayesikia tofauti. Sema sato na DAGAA. Sato kushoTO, dagaa kuliA. Wafunge dagaa kitambaa mkononi.

Mwana_Kisesa

Hahaha nani atakubali kuwa dagaa

Mama_Sweya

Nyie mnacheka mimi naona imekaa vizuri. Kwenye muziki, tafuta rekodi isiyo na mwimbaji, yenye A na B zinazosikika, kasi kati ya 110 na 118, usifuate za haraka. Mwanzoni wapigaji wa kule wanagonga mapigo manne ya kujiandaa, wanayaita viazi. Kama rekodi haina, gonga meza mwenyewe.

Ngosha_mtata

Sisi tuite michembe minne, viazi vyetu vya kukausha

Kijana_wa_Kirumba

Mrejesho wakuu. Nimefanya Jumamosi. Kwenye tangazo niliandika saa 11 jioni, watu wakajaa saa 12 na robo, kwahiyo duara kubwa nililirudia mara mbili kwa ajili ya waliochelewa na hakuna aliyelalamika. Jozi 17. Dagaa walifungwa vipande vya kitenge na amini msiamini watu waligombania kuwa dagaa.

Kwenye dansi ya nne, raundi ya sita hivi, TAA PUUU. Giza, spika kimya. Mimi nikafungua mdomo niwaambie simameni, nikakumbuka kunyamaza ndo kazi. Wakaendelea! Mtu akaanza kupiga makofi, simu zikawashwa tochi, nikasikia mzee mmoja upande wa chini anamwambia jirani yake "nyota, nyota" na nyota ikafanyika. Wamezunguka raundi tatu nzima bila muziki. Tukamalizia kwa makofi na ndoo ya plastiki.

Kosa nililofanya ni moja, cheni, ile wawili wanavutana mkono wa kulia katikati wanavuka upande wa pili, niliifundisha kwa maneno mengi tena, MC ungekuwepo ungeninyang'anya maiki.

Mwana_Kisesa

Dada wa soda alikuja?

Kijana_wa_Kirumba

Alikuja. Ya kwanza alikaa, ya pili akaingia kama dagaa, wakati wa mapumziko akanifuata anauliza ile ya kusukana nywele iko wapi, maana safari ile aliitazama akiwa amekaa na sasa anadhani ameielewa. Niwape mwezi ujao?

Mama_Sweya

Bado. Waite tena mara mbili hivi na nyota na cheni. Na huyo dada mpe vizibo vyako aende navyo nyumbani.