Naomba ushauri: kupima moyo wa mtoto aliye tumboni kwa MRI
Ndugu zangu, tunaishi Urambo, mkoani Tabora, na mke wangu ana ujauzito wa wiki 30. Ultrasaundi imeonyesha kwamba huenda moyo wa mtoto una kasoro, na daktari akagusia kipimo cha MRI. Ninaelewa kwamba kipimo hicho hutumia sumaku na mawimbi ya redio, si mionzi kama eksirei, lakini najiuliza picha zitaonekanaje sawasawa ilhali moyo mdogo namna hiyo hudunda mara 110 hadi 160 kwa dakika, na mtoto mwenyewe hatulii (huyu wetu hurusha mateke usiku kucha). Je, tutangulize ultrasaundi maalumu ya moyo kwa bingwa wa moyo wa watoto Dar es Salaam, au tuulizie MRI moja kwa moja? Aliyepitia hali hii naomba anieleze.