Binti ana barua ya chuo cha Wajesuiti Marekani, na ya Ushirika hapa Moshi. Aende wapi?

MamaNeema_Kibosho
Wadau, habari za jioni. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGE (historia, jiografia na uchumi), na amefaulu vizuri. Tuna barua mbili mezani. Ya kwanza ni ya chuo kikuu cha Wajesuiti, lile shirika la mapadre wa Kikatoliki, kule Marekani; wamempunguzia sehemu ya ada. Ya pili ni ya hapahapa mjini, Chuo Kikuu cha Ushirika. Padre mmoja katutajia na cha tatu, Arrupe, kule Harare.

Ada tumeshapiga hesabu na baba yake, sitaki tukae hapo. Barua ya Marekani inasema wanalea vijana wawe "watu kwa ajili ya wengine", watetezi wa haki na wa maskini. Mimi nimemsomesha huyu mtoto kwa maziwa ya ng'ombe watatu. Naomba mnisaidie: hayo maneno yana mwili? Akiyasoma miaka minne, kihambani, hapa shambani kwetu, tutaona nini?

KijanaWaMabibo
Shikamoo mama. Nilisoma Loyola pale Dar, shule yao, sasa nafanya kazi Arusha. Maneno hayo yana asili yake. Mwaka 1973 mkuu wa shirika lao, Pedro Arrupe, alisimama Valencia, Hispania, mbele ya watu waliosoma shule za Wajesuiti. Akawauliza kama walilelewa kwa ajili ya haki, kisha akajibu mwenyewe: hapana, hatukuwalea hivyo. Wako waliokasirika. Miaka miwili baadaye mkutano mkuu wa shirika ukaweka kwa maandishi kwamba kuitumikia imani hakutengani na kupigania haki.

Huyu Arrupe aliwahi kusomea udaktari. Bomu lilipoanguka Hiroshima mwaka 1945 alikuwa pembeni mwa mji, akaigeuza nyumba ya malezi ya Wajesuiti vijana kuwa hospitali. Mimi naliamini neno lake kwa sababu lilianza kwa kukiri kosa.

MzeeWaTengeru
Kijana umesema vema, ila mama apate habari yote. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, huko huko Marekani, waliuza watu 272 waliokuwa watumwa wao, wengi wakapelekwa Louisiana, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo cha Georgetown. Fikiria baba na mama na watoto wao wanapandishwa melini ili chuo kisifungwe. Mwaka 2016 Georgetown ilitangaza kuwapa uzito wazao wao katika udahili, na mwaka uliofuata Wajesuiti wakaomba radhi mbele ya wazao hao.

Simzuii binti. Nasema afike kule akijua, na aulize chuo chake kimejengwa kwa jasho la nani.

KijanaWaMabibo
Kweli kabisa, mzee, na lisifichwe. Lakini tuweke na San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, Amerika ya Kati. Kile chuo chao, UCA, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kiliamua kuisoma nchi yenyewe: nani ana ardhi, nani anauawa, wananchi wanataka nini. Padre Ignacio Martín-Baró, mwanasaikolojia, alianzisha kituo cha kukusanya maoni ya watu wa kawaida huku watu wakiogopa hata kuongea. Mkuu wa chuo, Ignacio Ellacuría, alikuwa akidai vita imalizwe kwa mazungumzo. Usiku wa tarehe 16 Novemba 1989 askari waliingia wakawaua mapadre sita, pamoja na Elba Ramos aliyekuwa mtumishi wa nyumba ya mapadre, na binti yake Celina. Mama na binti walikuwa wamelala pale wakidhani ni salama.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama maneno yana mwili, nawakumbuka hao wanane.

MwanaUshirika_Marangu
Dada, poleni na hongereni kwa pamoja. Naheshimu yote yaliyosemwa, ila nahofia tunatafuta mbali kilicho mlangoni. Chuo cha Ushirika kilianza mwaka 1963, nchi ina miaka miwili tu ya uhuru. Wakulima wa kahawa hapa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933, na ushirika ulihitaji wahasibu, wakaguzi na makatibu. Hicho ndicho kilichokizaa chuo, kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2014. Kutumikia wengine ndiyo kazi yenyewe inayofundishwa pale.

Nina uchungu na hili. Chama chetu cha msingi kilipoteza fedha za msimu mzima, na kwenye mkutano hapakuwa na mwanachama hata mmoja aliyejua kusoma mizania, ile hesabu ya mali na madeni ya chama. Wazee walisaini wasichokijua. Angekuwepo binti mmoja kama wako pale mbele, angenyoosha mkono.

Muuguzi_Soweto
Harare kwa kifupi: Arrupe kilianza mwaka 1994 kama chuo cha falsafa cha Wajesuiti vijana, kikawa chuo kikuu mwaka 2017. Aangalie kwanza kama kozi anayoitaka ipo.

Kwa hivyo viwili, mama, usiwaulize walimu, waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu. Muhula uliopita mlikaa wapi nje ya darasa, na nani, kwa wiki ngapi? Nilipokuwa nasomea uuguzi nilijifunza umaskini siku niliyomsindikiza mgonjwa hadi kwake Uru, nikakuta dawa zote hazijaguswa kwa kukosa chakula cha kumezea. Chuo kinachompeleka mwanafunzi hadi mlango huo, halafu kikamrudisha darasani kuuliza kwa nini, mpeleke hapo.

MamaNeema_Kibosho
Asanteni sana, nimesoma yote kwa sauti na Neema akisikiliza. Habari ya wale 272 imemliza. Ameandika swali la mzee na la muuguzi, atayatuma Marekani usiku huu. Jumatano baada ya kupeleka maziwa tunashuka naye mjini mpaka Ushirika, tukawatafute hao wa mwaka wa tatu. Kaka wa Marangu, chama chenu kina mkutano lini? Anaomba aje akae nyuma asikilize.

MwanaUshirika_Marangu
Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne. Aje, ila asikae nyuma.