Kujitolea katika tamasha la Bagamoyo: asiye msanii ana nafasi?

Swali
Ndugu zangu, nimemaliza kidato cha sita na ningependa kujitolea katika tamasha la sanaa linaloandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ila sijui kuigiza wala kupiga ngoma. Je, mtu kama mimi atapewa kazi gani?

Jibu la kwanza
Kazi zipo tele, mdogo wangu. Tamasha hilo lilianza miaka ya 1980, enzi TaSUBa ilipokuwa bado Chuo cha Sanaa, na nyuma ya kila onyesho kuna watu wa kupokea vikundi, kupanga viti na kuelekeza wageni. Mimi nililinda mlango wa nyuma ya jukwaa, karatasi ya ratiba imelowa jasho mkononi, nikiwahimiza wapigaji waliokuwa bado wanapasha ngoma zao kwenye moto wa makuti, kwa kuwa ngozi iliyolegea kwa unyevu wa bahari haitoi mlio unaotakiwa. Hapo ndipo nilipojifunza kuomba bila kufoka.

Jibu la pili
Naunga mkono, lakini uliza mapema habari za nauli, chakula na malazi, tena kwa maandishi. Katika tamasha jingine, ambalo sitalitaja, niliahidiwa nauli kwa mdomo na nikarudi nyumbani kwa fedha ya kukopa.

Muulizaji
Nashukuru sana, kaka zangu. Barua ya kuomba kujitolea nitaipeleka mwenyewe, na suala la malazi nimeliweka katika aya ya kwanza.