Naomba ushauri: dada anashikiliwa na uhamiaji Marekani, watoto wako chini ya mahakama

Wakuu, habari zenu. Dada yangu alikamatwa na uhamiaji huko Marekani, na wanawe wakapelekwa kwa familia ya malezi. Watoto wamezaliwa huku nyumbani, si raia wa kule. Sasa kesi ni mbili, ya uhamiaji na ya watoto, majaji tofauti, na hawasubiriani.

Kinachonitisha ni sheria ya 1997: mtoto akikaa kwenye malezi miezi 15 kati ya 22, jimbo linatakiwa kuomba mzazi avuliwe haki zake. Kuna misamaha, mfano mtoto akilelewa na ndugu. Halafu dada ameagizwa ahudhurie mafunzo ya wazazi. Atahudhuriaje akiwa kizuizini?

Mliopitia haya, jaji hukubali mzazi asikilizwe kwa simu au video, akiwa na mkalimani? Na ndugu aliye nje ya nchi kama mimi hufikiriwa kweli kupewa watoto? Nyumba yangu itakaguliwa na nani? Mkataba wa Vienna wa 1963 unataka ubalozi ujulishwe mtoto wa kigeni anapotafutiwa mlezi, sasa nianze na wakili wake au niende wizarani? Maombi tunaendelea nayo, msiniambie hilo tu.